Ngoja ngoja ya Marekani humuumiza mnyonge

Kila mara damu ya watu wasio na hatia inapomwagika nchini Marekani, wanasiasa wa nchi hiyo huinuka na kuimba wimbo ule ule. Hudai kwamba ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki upanuliwe, na kwamba mnunuzi angojeshwe siku tatu, siku saba, siku kumi au zaidi kabla ya kukabidhiwa silaha aliyokwisha kuilipia. Wimbo huo ni mtamu masikioni, na wengi wa waimbaji wake wana nia njema. Lakini sera haipimwi kwa utamu wa maneno yake wala kwa wema wa nia ya walioitunga. Hupimwa kwa kuuliza nani anayefaidika nayo na nani anayebebeshwa mzigo wake. Swali hilo likiulizwa kwa dhati, jibu ni dhahiri. Mzigo wa ngoja ngoja hiyo humwangukia mnyonge: mwanamke anayewindwa na aliyekuwa mwenzi wake, Mmarekani Mweusi ambaye jina lake limo katika majalada ya polisi tangu ujana, na kibarua asiye na fedha za ada wala siku ya kupoteza kwenye foleni.

Yafaa ieleweke wazi tangu mwanzo kwamba jambo linalozungumzwa hapa ni la Marekani. Tanzania ina historia yake na ina sheria yake, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hakuna anayeshauri kwamba bunduki ziuzwe Kariakoo kama vitenge. Hali ya Marekani ni nyingine kabisa. Huko bunduki zilizo mikononi mwa raia zinakadiriwa kuwa nyingi kuliko raia wenyewe. Rekebisho la Pili la Katiba yao, lililopitishwa mwaka 1791, linataja haki ya watu ya kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba haki hiyo ni ya kila raia mmoja mmoja. Katika nchi ya namna hiyo haina maana tena kuuliza kama bunduki ziwepo au zisiwepo, kwa sababu zimekwisha kuwepo. Linalobaki ni kujua nani atakayezuiwa kuwa nayo, kwa amri ya nani, na nani atakayewajibika yule aliyezuiwa akifikwa na maafa.

SHERIA ZIPO TELE

Wako wanaodhani kwamba Marekani ni nchi isiyo na sheria yoyote juu ya ununuzi wa bunduki. Hilo si kweli. Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 iliorodhesha watu wasioruhusiwa kuwa na silaha, miongoni mwao wakiwa wale waliopatikana na hatia ya makosa makubwa. Sheria ya Brady, iliyotiwa sahihi mwaka 1993 na kuanza kutumika Februari 1994, iliagiza mnunuzi wa bastola angojeshwe siku tano za kazi. Novemba 1998 kungoja huko kuliondolewa, na mahali pake ukawekwa mfumo wa taifa wa ukaguzi wa papo hapo unaoendeshwa na Shirika la Upelelezi, FBI. Tangu hapo kila mwenye duka la bunduki mwenye leseni hapana budi apeleke jina la mnunuzi kwenye mfumo huo. Ikiwa siku tatu za kazi zimepita bila jibu, anaruhusiwa kuuza.

Hayo hayakuwatosha watetezi wa vizuizi. Aprili 2013 walileta katika Baraza la Seneti pendekezo la kupanua ukaguzi hadi kwenye mauzo ya watu binafsi, likapata kura 54 dhidi ya 46 na kushindwa kufikia 60 zilizohitajika. Machi 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha miswada miwili, mmoja wa kupanua ukaguzi na mwingine wa kurefusha muda wa kungoja jibu, nayo ikakwama katika Seneti. Juni 2022 ikatiwa sahihi sheria inayoruhusu ukaguzi wa wanunuzi walio chini ya umri wa miaka 21 uchukue hadi siku kumi za kazi. Majimbo nayo yanashindana: California hungojesha siku kumi, Hawaii siku kumi na nne, na Colorado, Vermont na Maine zimeanzisha kungoja kwa siku tatu kati ya mwaka 2023 na 2024.

Kabla ya kuongeza sheria juu ya sheria, mtu mwenye busara angeuliza kwanza zile zilizopo zimefanya kazi gani, na pale ziliposhindwa, zimeshindwa kwa kosa la nani.

KOSA LA OFISI, ADHABU KWA RAIA

Kila mtumishi wa umma anajua jambo moja kuhusu masjala: jalada halina faida kuliko uangalifu wa mtu aliyelijaza. Mauaji makubwa yanayotajwa kila siku kuwa sababu ya kupanua ukaguzi, yakichunguzwa, aghalabu huonyesha uzembe wa ofisi na wala si upungufu wa sheria.

Aprili 2007 mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech. Mahakama ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2005 kwamba kijana huyo ni hatari kwa nafsi yake na kuamuru atibiwe. Uamuzi huo ulitosha kumnyima bunduki chini ya sheria ya taifa, lakini jimbo halikuupeleka kwenye mfumo wa ukaguzi. Basi akakaguliwa mara mbili na kupita mara mbili. Zaidi ya hayo, sheria ya Virginia ya wakati huo ilikataza mtu kununua bastola mbili ndani ya siku thelathini. Muuaji huyo alinunua ya kwanza, akatulia siku thelathini zikapita, akanunua ya pili. Kungoja hakukumbadilisha nia hata kidogo.

Juni 2015 waumini tisa Weusi waliuawa wakiwa katika masomo ya Biblia kanisani Charleston, South Carolina. Muuaji hakustahili kuuziwa bastola. Taarifa ya kukamatwa kwake kwa dawa za kulevya iliingizwa vibaya katika kumbukumbu, na mkaguzi wa FBI akaiuliza ofisi isiyohusika. Siku tatu zikapita, duka likauza. Wanasiasa wakapiga kelele kwamba siku tatu ni chache. Hawakusema kwamba kati ya siku ile bastola ilipouzwa mwezi Aprili na siku ya mauaji ilipita miezi miwili mizima, na katika miezi hiyo yote ofisi haikuimaliza kazi iliyoianza. Ofisi iliyoshindwa kwa siku sitini, ni muujiza gani utakaoifanya ifaulu kwa siku kumi?

Novemba 2017 watu 26 waliuawa kanisani Sutherland Springs, Texas. Muuaji aliwahi kuwa askari wa Jeshi la Anga, na mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto. Jeshi halikupeleka taarifa hiyo FBI kama sheria ilivyoliagiza. Julai 2021 jaji wa mahakama ya taifa aliamua kwamba Serikali ya Marekani yenyewe ilibeba asilimia 60 ya lawama ya maafa hayo. Hukumu hiyo ingepaswa kusomwa katika kila ofisi ya serikali. Serikali ilikuwa na sheria, ilikuwa na mfumo, ilikuwa na jina na kosa la mtu mkononi mwake, na ikazembea. Kisha wakubwa wa serikali hiyo hiyo wanamgeukia raia asiye na hatia na kumwambia kwamba yeye ndiye atakayekaguliwa zaidi na kungojeshwa zaidi.

Wahalifu, kwa upande wao, hawapangi foleni. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani uliofanywa magerezani mwaka 2016 na kutangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya wafungwa waliokuwa na bunduki walipotenda makosa yao, tisini katika kila mia hawakuipata dukani wala kwa muuzaji wa rejareja. Arobaini na tatu katika mia waliipata mtaani na kwenye soko la magendo. Hata maonyesho ya bunduki, ambayo hutajwa sana katika hotuba za wanasiasa, hayakufikia mtu mmoja katika mia. Anayeuza bunduki ya wizi gizani hatapeleka jina la mteja wake FBI kwa sababu tu sheria mpya imempa agizo hilo. Sheria hiyo itamkamata jirani anayemuuzia jirani yake bunduki ya kuwindia bila kupitia duka la tatu na kulipa ada.

SERIKALI ISIYOWAJIBIKA

Hata hivyo ubaya mkubwa wa sera hii hauko katika takwimu za wahalifu. Uko katika yale inayomtendea mtu mwema aliye hatarini leo.

Mwezi Juni 1999, mjini Castle Rock, Colorado, mwanamume aliyekuwa amezuiwa kwa amri ya mahakama asiikaribie familia yake aliwachukua binti zake watatu. Mama yao aliwapigia simu polisi mara kwa mara jioni ile, na usiku akaenda kituoni mwenyewe, akiwaomba waitekeleze amri hiyo. Aliambiwa angoje. Binti wote watatu waliuawa. Mama huyo alishtaki, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze amri ile. Kabla ya hapo, mwaka 1989, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuamua kwamba Katiba haiilazimishi serikali kumlinda mtu dhidi ya ukatili wa mtu mwingine binafsi.

Maana ya hukumu hizo haina budi kutazamwa ana kwa ana. Serikali ya Marekani humwambia mwananchi: ngoja, acha ofisi ikukague kwanza, ulinzi wako ni kazi ya polisi. Mwananchi akiuawa wakati akingoja, mahakama za nchi hiyo huisafisha serikali kwa kusema kwamba Katiba haikumdai polisi kufika. Hayo ni madaraka bila wajibu. Mkubwa anayeweza kumzuia mtu asijilinde, na wakati huo huo hawajibiki kumlinda, hana tofauti na mwenye mtumbwi anayemnyang'anya abiria kasia katikati ya maji kisha akasema kwamba kuzama ni shauri lake mwenyewe.

Mwaka 2015 mwanamke mmoja wa jimbo la New Jersey alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya aliyekuwa mpenzi wake. Aliweka kamera nyumbani. Aliomba kibali cha kununua bastola mwezi Aprili. Sheria ya jimbo iliitaka ofisi ijibu ndani ya siku thelathini. Siku hizo zikapita na jibu halikuja. Mwanzoni mwa Juni mwanamume yule alimuua kwa kisu mbele ya nyumba yake mwenyewe. Mwanamke huyo alikuwa ametimiza yote ambayo sheria ilimtaka ayatimize. Ofisi ndiyo iliyovunja sheria, lakini aliyelipa ni yeye. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bastola iliyofungiwa kabatini dukani, na kibali kilicholala mezani kwa karani, ni fimbo ya mbali.

Wako watakaojibu kwa kutaja Uvalde, Texas, ambako Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliwaua watoto 19 na walimu wawili, akitumia silaha aliyoinunua siku chache tu kabla. Watauliza: je, kungoja kusingewaokoa? Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Uchunguzi wa Bunge la Texas ulionyesha kwamba kijana huyo alipanga uovu wake kwa miezi, akajaribu kuwatuma wengine wamnunulie bunduki kabla hajatimiza umri, na aliposhindwa akangoja siku yake ya kuzaliwa. Mtu aliyekwisha kungoja miezi hashindwi na siku kumi. Tena siku hiyo walifika askari na maofisa 376, na zikapita dakika 77 kabla hawajamkabili muuaji. Wazazi waliokuwa nje wakilia waingie wenyewe kuwaokoa watoto wao, nao pia waliambiwa wangoje.

KALAMU YA KARANI

Mtu asiyeijua historia ya Marekani aweza kudhani kwamba kibali na ukaguzi ni mambo safi ya kiofisi yasiyo na upendeleo. La hasha. Kwa Mmarekani Mweusi, kalamu ya karani imekuwa silaha ya adui kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha na watumwa kuachwa huru, jimbo la Mississippi lilitunga sheria kwamba mtu Mweusi asiyekuwa askari wa Marekani asiwe na bunduki ya aina yoyote bila leseni ya bodi ya wilaya yake. Bodi hiyo ilikuwa ya mabwana wa jana. Mwaka 1893 Florida ilitunga sheria ya leseni kwa bunduki za kufyatua mfululizo, pamoja na dhamana ya dola mia moja, fedha ambazo kibarua wa wakati huo hakuzipata. Miaka 48 baadaye, mwaka 1941, jaji wa mahakama ya juu ya Florida alikiri waziwazi katika hukumu kwamba sheria ile ilitungwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi, na kwamba haikukusudiwa kamwe kutumika kwa Wazungu. Huo ni ushahidi wa mtu wa ndani, uliotolewa kortini.

Mwaka 1919 North Carolina iliagiza kwamba anayetaka kununua bastola apate kibali cha sherifu, ambaye kwanza aridhike na tabia njema ya mwombaji. Kazi ya kupima tabia ya Weusi ikakabidhiwa masherifu wa enzi ya ubaguzi. Sheria hiyo iliishi hadi Machi 2023. Chini ya kivuli chake, mjini Monroe katika jimbo hilo, Robert Williams na wenzake waliunda kikundi cha ulinzi, na mwaka 1957 wakaufukuza msafara wa Ku Klux Klan ulioishambulia nyumba ya daktari Mweusi. Williams alilazimika kuikimbia nchi yake mwaka 1961. Aliishi Cuba na China, akafika hata Dar es Salaam, mji uliokuwa kimbilio la wapigania uhuru, kabla ya kurejea Marekani mwaka 1969.

Wala si wenye msimamo mkali peke yao walioonja kalamu hiyo. Januari 1956 nyumba ya Martin Luther King ililipuliwa kwa bomu mjini Montgomery, Alabama, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. King aliomba kibali cha kubeba bastola. Wakubwa wa mahali hapo walimkagua, wakamkatalia. Ikiwa mchungaji wa kanisa, mwenye shahada ya udaktari, ambaye nyumba yake imelipuliwa mbele ya macho ya dunia, hakuonekana kuwa na sababu ya kutosha wala tabia ya kutosha, kibarua wa shambani angeomba nini akapewa?

Msomaji wa Afrika haoni geni katika hayo. Mwaka 1890 mabeberu wa Ulaya walikutana Brussels wakatia sahihi mkataba uliozuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya bara hili. Sababu iliyotangazwa ilikuwa nzuri ajabu: kukomesha biashara ya watumwa. Lakini makampuni na majeshi ya wakoloni hayakuzuiwa. Miaka kumi na mitano baadaye wapiganaji wa Maji Maji waliikabili mizinga ya Wadachi kwa mikuki, pinde, magobori na maji. Sababu nzuri na matokeo mabaya vyaweza kukaa katika waraka mmoja.

JALADA LISILO NA USAWA

Watetezi wa ukaguzi watasema kwamba hayo ni ya kale, na kwamba leo kompyuta haijui rangi ya mtu. Kompyuta haijui rangi, lakini inayajua majalada, na majalada yalijazwa na polisi na mahakama zinazoijua rangi vizuri sana. Sheria ya taifa humnyima bunduki mtu yeyote aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka mmoja, hata kama hakumgusa mtu na hata kama ni miaka thelathini imepita. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walikadiria kwamba hadi mwaka 2010 watu wazima waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya namna hiyo walikuwa wanane katika mia kwa taifa zima. Kwa wanaume Weusi walikuwa thelathini na watatu katika mia. Kuupanua ukaguzi ni kuupanua wavu huo huo wenye matundu yasiyolingana.

Nao mzigo haumfiki aliyetiwa hatiani peke yake. Anayefanana jina na mhalifu husimamishwa, na FBI yenyewe imelazimika kutoa namba maalumu kwa watu wanaocheleweshwa mara kwa mara kwa ajili hiyo. Aliyekataliwa kimakosa ana haki ya kukata rufani. Lakini mwishoni mwa mwaka 2015, maombi ya ukaguzi yalipofurika, FBI iliwahamisha watumishi wake wa rufani wakafanye ukaguzi, na rufani zikalala. Huo ndio urasimu halisi: ofisi ya kukataa ilifanya kazi, ofisi ya kurekebisha makosa ikafungwa.

Fedha nazo zina sauti yake. Katika Jiji la New York ada ya kuomba leseni ya bastola ilikuwa kwa miaka mingi dola 340, mbali na ada ya alama za vidole. Tajiri hulipa na kumtuma wakili. Asiyelipa, akikutwa na bastola aliyoiweka kwa ajili ya kujilinda, huenda jela. Mwaka 2021 mawakili wanaowatetea maskini katika mahakama za jiji hilo, wakiwamo wa Bronx na Brooklyn, waliwasilisha hoja katika Mahakama ya Juu kuipinga sheria hiyo ya leseni. Walieleza kwamba mwaka 2020 Weusi walikuwa asilimia 18 ya wakazi wa jimbo, lakini walikuwa asilimia 78 ya washtakiwa wa kosa kubwa la kupatikana na bunduki. Mawakili hao si mawakala wa viwanda vya silaha. Ni watu wanaokaa mahabusu na wateja wao kila siku, na wameona ni nani anayefungwa na sheria inayoitwa ya usalama.

HOJA YA WANAOJIUA

Hoja moja ya watetezi wa kungoja haina budi ikubaliwe kwa heshima yake. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya watu wanaojiua, na mtu aliyekata tamaa leo aweza kupata faraja kesho. Watafiti walioichunguza Sheria ya Brady na kuchapisha matokeo yao mwaka 2000 hawakuona kwamba ilipunguza mauaji kwa jumla, lakini waliona dalili ya kupungua kujiua kwa bunduki miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Wengine waliandika mwaka 2017 kwamba majimbo yenye kungoja huwa na mauaji machache zaidi. Mzozo wa wataalamu haujaisha.

Lakini wastani wa takwimu haumjibu mwanamke ambaye mlango wake unavunjwa usiku huu. Sheria ya kungoja humchukulia kila mnunuzi kama mgonjwa au mwuaji mpaka siku zipite. Aliye tayari na bunduki nyumbani haiguswi nia yake hata kidogo na kungoja, na Wamarekani wa namna hiyo ni makumi ya milioni. Anayeguswa ni yule anayenunua kwa mara ya kwanza. Na ni akina nani hao? Utafiti mmoja wa Marekani ulikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima wapatao milioni 7.5 walipata bunduki kwa mara ya kwanza, na kwamba takriban nusu yao walikuwa wanawake na mmoja katika kila watano alikuwa Mweusi. Hao ndio wanaoambiwa wangoje. Bwana mwenye bunduki ishirini katika ghala lake hangoji chochote.

KINACHOPASWA KUFANYWA

Kuipinga ngoja ngoja hakumaanishi kuyafumbia macho mauaji. Wamarekani wanaotaka kweli kupunguza damu wana kazi mbele yao, na karibu yote ni kazi ya kuidai serikali, si ya kumdai raia.

Kwanza, ofisi zenye majalada ziyapeleke kwa wakati na kwa usahihi, na mkubwa atakayezembea aadhibiwe yeye. Pili, amri za mahakama za kuwalinda wanawake zitekelezwe siku ile ile zinapotolewa, na aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mkewe anyang'anywe silaha alizonazo, badala ya kumwachia yeye silaha na kumngojesha mke. Tatu, rufani ya aliyekataliwa isikilizwe ndani ya muda uliowekwa na sheria, na ofisi isiyojibu ihesabiwe kuwa imekubali. Nne, aliyekwisha kutumikia adhabu ya kosa lisilo la ukatili arudishiwe haki zake zote za uraia. Tano, mtu aliyekata tamaa apatiwe daktari bila kuulizwa kwanza kama ana fedha, kwa kuwa huko ndiko uhai wake unakookolewa. Na mitaa ambayo vijana wake huzikana kila wiki ipelekewe kazi, shule na nyumba bora. Miswada ya ukaguzi hupendwa na wanasiasa kwa sababu ni rahisi kuliko hayo. Haiwagharimu matajiri hata senti moja.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Mnyonge wa Marekani amengojeshwa katika mengi: alingojeshwa uhuru, akangojeshwa kura, akangojeshwa shule na hospitali. Asingojeshwe pia haki ya kuutetea uhai wake na serikali ambayo mahakama zake zimetamka kwamba haidaiwi kumtetea. Siku serikali hiyo itakapokubali kuwajibika kwa kila roho inayopotea ikingoja kibali, hapo ndipo itakapokuwa na uso wa kuomba siku zaidi.